Maziwa ya Kalunde

Usiku huo nilisikia mtoto akinyonya. Chwa, chwa, chwa, vile wanafanya wakiwa na njaa. Nikamshika mwanangu Mbuvi: alikuwa amelala, mdomo umefungwa. Sauti ilitoka chumba cha pili, kwa Kalunde, na Kalunde hajawahi kuzaa.

Ndiyo maana alinioa. Ni mila yetu Wakamba, iweto: mke asiye na mtoto anaoa msichana amzalie, watoto wawe wa nyumba yake. Mume wake, Nyamai, anafanya kazi mji wa Salama, anakuja mwisho wa mwezi. Hapa Tawa hakuna wa kushangaa. Mimi namwita mwaitu, mama.

Asubuhi blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani, nyumba inanuka maziwa yaliyochacha. Niliogopa, nikamwambia pasta. Pasta akasema ni jini, tukemee. Lakini Kalunde alienda hospitali, akarudi akicheka vibaya.

"Jini gani? Ni homoni. Prolaktini, ile ya maziwa, imepanda sana. Daktari anasema mwili wangu unadhani unanyonyesha, ndiyo mayai hayakomai. Miaka yote wakiniita tasa huko sokoni, Mutanu, na dawa ni tembe!"

Akameza. Maziwa yakakauka, hedhi ikarudi, akaanza kuimba jikoni. Nikasema asante Yesu.

Kisha nikaamka na kitu baridi kimeng'ang'ania titi langu, nikadhani ni Mbuvi, nikapapasa kichwa, na kichwa hakikuwa na nywele wala joto, na Mbuvi alikuwa upande ule mwingine analia kwa sababu hakuna kilichobaki, na hata nikisukuma kinanyonya tu, chwa, chwa, hakiachi mpaka kupambazuke, na sasa mtoto wangu amekonda hadi kule kliniki wananiuliza kama huwa ninamlisha.

Nikampigia magoti. "Mwaitu, acha tembe kidogo tu. Kirudi kwako. Mbuvi ataisha."

Hakushangaa. "Nimekilea tangu nikiwa bibi arusi. Nimechoka. Sasa niko na mimba, Mutanu. Yangu."

"Na Mbuvi si wako?"

"Ni wangu. Ndiyo uchunge huo mdomo. Ukienda tena kwa pasta, utarudi kwenu Kwa Vonza mikono mitupu, na mtoto atabaki. Atalala chumba kile kile, peke yake."

Akangoja.

"Sitaambia mtu mwingine, mwaitu."