Walininyima Chakula Ili Nizae

"Tema!"

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nimesema tema! Sasa hivi!"

Mama mkwe alikuwa ameshakinga kiganja chini ya kidevu changu. Mezani tulikuwa watu saba. Yeye, mimi, mume wangu, wifi yangu na mumewe, na watoto wao wawili.

Nilichokuwa natafuna ni kipande cha mkate wa siagi. Mkate, jamani!

Nikamtazama mume wangu. Nikasubiri aseme, "Mama, basi."

Akajipakulia soseji ya tatu.

Nikatema.

Mtu mzima na miaka yangu thelathini na mbili, fundi cherehani mwenye duka langu, nimetema tonge kwenye kiganja cha mkwe watoto wakiangalia. Wifi akapiga picha. Dakika haikuisha, simu zote mezani zikalia. Wifi ameirusha kwenye kikundi cha familia, na maneno chini yake:

"Huyu ndiye anayetaka mtoto. Mwoneni wenyewe."

Shangazi mmoja akajibu kwa kucheka.

Sikieni ilivyoanza.

Tulikuwa na miaka mitano ya ndoa, minne ya kutafuta mtoto. Tukakubaliana tupandikize mimba hospitalini. Hospitali wakatupima wote wawili, wakasema kabla ya matibabu kila mtu ataonana na mtaalamu wa lishe, maana chakula nacho kina mchango wake.

Siku ya majibu nilikuwa na sare mia mbili za shule za kukabidhi. Nikamwambia mume wangu, "Nenda wewe, utanieleza."

Hilo ndilo kosa langu. Nalikiri.

Jioni hakuja na majibu yeye. Alikuja mama yake, na karatasi mkononi na begi la nguo.

"Mwanangu hana tatizo," akasema kabla hajakaa. "Tatizo ni wewe na mdomo wako. Haya ndiyo maagizo ya daktari."

Karatasi ilikuwa imekatwa juu kwa mkasi.

"Mama, mbona imekatwa?"

"Ilimwagikiwa chai. Unataka kusoma chai au maagizo?"

Nikasoma. Vya kukaanga, acha. Soda, acha. Soseji, acha. Mkate na wali, nusu ya ulivyozoea. Pombe na sigara, marufuku. Punguza kilo kumi.

Sijawahi kuvuta sigara hata siku moja. Nikajiambia labda wanawaandikia watu wote hivyo.

Kilo zangu zilikuwa hamsini na tatu.

Nikamuuliza mume wangu chumbani, "Kweli daktari kasema nipungue mimi?"

Akageukia ukutani. "Fanya walivyosema. Unataka mtoto au hutaki?"

Basi mama mkwe akahamia kwangu. Ufunguo wa kabati la chakula akauvaa shingoni. Sahani yangu ikapigwa picha mara tatu kwa siku na kupelekwa kwenye kikundi, watu wakatoa maoni kama wanahukumu kesi! "Maharage mengi hayo." "Parachichi la nini, si mafuta hayo?" Kila Jumamosi nikapandishwa kwenye mizani.

Mume wangu alikuwa anarudi kutoka kwenye duka lake la vipuri akinuka viazi vya kukaanga na sigara. Kilo tisini na nane. Hakuna aliyepiga picha sahani yake.

Miezi mitatu.

Sketi zangu nikazibana mara mbili. Nywele zikawa zinadondokea juu ya vitambaa vya wateja. Siku moja nikiwa nashona kola, macho yakaingia giza, sindano ikapita kwenye kidole. Sikupiga kelele hata. Sikuwa na nguvu hizo.

Halafu hedhi ikakatika.

Mama mkwe akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka! Akatangaza kwenye kikundi. Pongezi zikamiminika. Nami nikaamini, wenzangu. Nikashika tumbo nikalia.

Nikapima. Hamna kitu.

Mnajua alichoniuliza?

"Umeitoa mimba?"

Nikamtazama mume wangu tena. Kimya. Yule mwanamume angelipwa kwa kukaa kimya, tungekuwa matajiri.

Wiki iliyofuata tukaenda hospitali, na mama mkwe akaingia nasi kama msimamizi. Mtaalamu wa lishe, mama mfupi mwenye miwani juu ya paji la uso, akanipima, akasoma mizani, akanipima tena.

"Arobaini na tatu? Umeumwa?"

"Hapana. Nimefuata maagizo yenu."

"Maagizo gani?"

Nikatoa karatasi. Akashusha miwani. Akaisoma taratibu, akaigeuza nyuma, akapitisha kidole pale ilipokatwa.

"Mwandiko ni wangu," akasema. "Lakini sikukuandikia wewe."

"Wewe nilimwachia mumeo ujumbe, kwamba ule vizuri, uongeze mlo na usipungue hata kilo moja. Mwili ukiona njaa, unafunga duka. Hedhi haiji, yai halipevuki. Kwa hali hii daktari hawezi kuanza matibabu."

Kisha akamgeukia mume wangu.

"Baba, utasema mwenyewe?"

Jasho likamtoka. "Ni... ni yangu."

Jamani!

Karatasi ya mume wangu! Majibu yake ndiyo yaliyosema mbegu ni chache na dhaifu. Yeye ndiye aliyeambiwa aache sigara, soda na mafuta, apunguze kilo kumi. Nilikula mlo wa mwanamume wa kilo tisini na nane, mpaka nikabaki mifupa!

"Nani alikata?" nikauliza.

Akamtazama mama yake.

Mama mkwe hakutikisika. "Mimi. Ulitaka nitangaze kwamba mwanangu si mwanamume? Mwanamke anavumilia. Ungepungua, kisha ungenenepa tena, nani angekufa?"

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza mume wangu.

"Mama alisema... alisema ni bora hivyo. Nilidhani hata wewe itakusaidia."

"Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa," mtaalamu akasema, sauti yake ikiwa ya hasira sasa. "Miezi hiyo hiyo mitatu mliyoipoteza kumtesa huyu."

Sikulia. Nikafungua simu, nikaandika kwenye kikundi cha familia:

"Kuanzia leo sifuati tena maagizo yasiyo yangu. Mwenyewe yumo humu ndani, mumpige picha yeye."

Nikajitoa.

Nikaenda kwa dada yangu na cherehani yangu na nguo za siku mbili. Dada hakuniuliza kitu. Akapika mayai, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Mume wangu alikuja baada ya miezi minne. Kapungua kilo nane, kaacha sigara, kabeba majibu mapya.

"Yamepanda," akasema. "Daktari anasema tunaweza kuanza. Mama nimemrudisha kwake."

Nikayasoma yote, mstari kwa mstari. Kweli yalikuwa mazuri.

"Hongera," nikamwambia. "Afya njema ni mali yako. Utapata atakayezaa nawe."

"Lakini ulitaka mtoto!"

"Nilitaka mtoto na baba yake. Wewe uliniona nikitema, ukajipakulia."

Nikafunga mlango.

Dada zangu, kaka zangu, chakula hakizai mtoto. Kinasaidia tu, na kinasaidia wote wawili, si mke peke yake. Nendeni pamoja, msomewe majibu pamoja, na karatasi yako uichukue kwa mkono wako.

Mimi? Kilo hamsini na nne sasa. Juzi asubuhi, nikiwa nakata kitambaa, hedhi ikarudi. Miaka minne nilikuwa nikiiona nalia.

Safari hii nilicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini.