Kibao cha Agnes

Nellie alikuwa akiongea na ukuta.

Mama yake, Martha Ormerod, alimwona kutoka mashine ya nne. Katika kile kiwanda cha nguo cha Burnley kelele zilimeza hata kilio cha mtu, kwa hiyo wafumaji walisemezana kwa midomo bila sauti, na umbea ulizunguka jengo zima kabla ya chai. Martha akapunga mkono.

“Unaongea na nani?”

“Na Agnes,” midomo ya Nellie ikajibu.

Agnes Pickup, aliyezishika mashine zile kabla ya Nellie, alizikwa Alhamisi. Kifua kilimmaliza.

Martha akatazama mikono ya bintiye. Nellie alishika kibao cha uzi cha marehemu, kile kinachopitisha uzi huku na huku kwenye mashine. Kila mfumaji huweka mdomo kwenye tundu la kibao chake na kuvuta uzi kwa pumzi, ndiyo kazi. Cha aliyekufa huchomwa moto. Msimamizi, bahili asiye na haya, alikuwa amekirudisha kazini.

Tangu hapo Nellie hakula. Nyumba ilinuka udongo mbichi, na mezani, mchana kweupe, midomo yake ilicheza bila sauti, na Martha, ambaye tangu utotoni alijua kusoma midomo na hakuweza kujizuia asisome, alisoma neno lile lile moja mpaka akatamani kujitoboa macho: “Twende, twende, twende.”

Akakiiba kibao, akakimbilia kwa Bibi Bessie, muosha maiti wa mtaa.

“Nikichome, bibi?”

“Thubutu! Ukikichoma sasa unamfungia Agnes humo humo alimo, ndani ya mwanao. Kaingia kwa mdomo, atatoka kwa mdomo mwingine utakaokivuta kibao hiki.”

“Wa nani?”

Bessie akainamisha macho. “Usiniangalie mimi, mwanangu. Nina wajukuu.”

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Martha aliweka mdomo kwenye tundu, akavuta. Kisha, ili asije akaingiliwa mwana wa mwingine, akakitupa kibao motoni kwa mkono wake mwenyewe.

Jumatatu Nellie alikula viazi sahani mbili, akarudi kazini akicheka. Martha alimtazama kwa furaha iliyomuuma.

Ghafla Nellie akaacha kucheka. Akampungia mkono kutoka kwenye mashine zake.

“Mama, unaongea na nani?”