Nani Anaiba Kambare Wetu?

Kila asubuhi, kabla ya kubeba mwiko wake na kwenda kazini, Mwashi alipita kwanza bwawani. Bwawa lilikuwa nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa akichimba udongo wa matofali.

"Siku hizi unawasalimu samaki kabla yangu," mkewe alimtania.

"Wao wakinisikia tu, wanakuja," Mwashi alijibu. Alirusha pumba majini, akaenda zake.

Mwanzoni Mwashi alitaka samaki wa kigeni. Lakini afisa wa samaki, mama mmoja ambaye watu walimwita Bibi Samaki, alimshauri afuge kambare wa mto wao.

"Kambare ni mwenyeji hapa," alisema. "Amezoea maji yetu. Hewa ikipungua majini, anapanda juu kuvuta pumzi. Mgeni akitoroka wakati wa mafuriko, anaweza kuwamaliza samaki wa mto. Kambare akitoroka, amerudi kwao."

Basi wakaleta vifaranga vya kambare, vikakua vizuri. Kisha wakaanza kupungua. Mwashi hakuona samaki aliyekufa akielea. Wavu wa kuzuia ndege, uliotandwa juu ya bwawa, haukuwa umetoboka.

"Kuna mtu anawavua," alimwambia mkewe.

"Nani?"

Mwashi alitazama uzio. Upande wa pili ilisikika sauti ya randa. Hapo ndipo alipoishi na kufanya kazi Seremala, kaka wa mkewe.

"Jana kwake palinukia samaki wa kukaanga," Mwashi alisema.

"Kwani sokoni samaki hawauzwi?"

"Sijamtaja mtu."

"Hukumtaja, lakini umemtazama."

Alasiri Mwashi alimfuata Seremala. Hakuvuta hata kiti. "Shemeji, ukitaka samaki, omba. Usijichukulie."

Seremala aliweka randa chini. "Tangu lini mimi nimekuwa mwizi?"

Mwashi aligeuka, akaondoka. Tangu siku hiyo salamu zilikatika. Mkewe akabaki katikati, huku mume, huku ndugu wa tumbo moja.

Mwishowe mke alichoka. Alikwenda kumwita Bibi Samaki, naye akaja na wavu. Waliukokota bwawani, Bibi Samaki na Mwashi, maji yakiwafika kiunoni. Kambare walionaswa hawakulingana. Wengine walikuwa wanene kama mkono, wengine wadogo kama kidole. Mmoja tumbo lilikuwa limemvimba. Bibi Samaki alimpanua mdomo. Mkia mdogo ulikuwa umechomoza kooni.

"Mwizi wenu huyu hapa," alisema. "Ana sharubu."

Mwashi aliduwaa. "Wanakulana?"

"Wakizidiana sana kwa ukubwa na wakishikwa na njaa, mdogo ndiye kitoweo cha mkubwa. Unawalisha nini?"

"Pumba."

"Na ukipata kazi ya mbali?"

"Basi. Hawali."

"Hapo ndipo penye kosa. Pumba peke yake haitoshi. Changanya na mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Walishe asubuhi na jioni, kila siku. Na uwatenge, wakubwa bwawa lao, wadogo lao. Wakizidiana tena, watenge tena."

Mwashi alitoka majini. Hata suruali hakubadilisha. Alizunguka uzio, maji yakimchuruzika, akasimama mbele ya meza ya Seremala.

"Shemeji, nimekukosea. Samaki walikuwa wanakulana wenyewe."

Seremala aliendelea kupiga randa. "Lile neno liliniuma."

"Najua."

"Hujui. Wanangu walilisikia."

Mwashi aliinamisha kichwa. "Basi waite. Nitasema mbele yao."

Watoto wakaitwa. Mwashi aliwaambia kwamba baba yao si mwizi, na kwamba yeye alimsingizia bila kuuliza. Seremala akampa kitambaa ajifute.

Wiki hiyo Mwashi alichimba bwawa la pili. Kuwatenga samaki kwa mikono kulimshinda, maana kambare huteleza kama sabuni. Seremala alimtazama, akacheka, akaingia karakanani. Alitoka na sanduku ambalo sakafu yake ilikuwa ya fito zilizoachana kidogo. Likiwekwa majini na samaki ndani, wadogo hupenya katikati ya fito na wakubwa hubaki ndani.

Mke ndiye aliyechanganya chakula. Mwashi akiwa mbali, watoto wa Seremala waliwalisha samaki, na hawakusahau hata mara moja.

Siku ya kuvua, majirani walijaa ukingoni. Wavu ulipanda mzito, ukahitaji watu wanne. Kambare walikuwa wengi, wanene, wanaolingana. Bibi Samaki alipapasa mmoja mgongoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Familia zote mbili zilikula zikashiba, na samaki wengi wakabaki wa kuuza.

Jioni Seremala alimwita Mwashi nyuma ya karakana, mahali ambapo maji hutuama kila mvua ikinyesha.

"Shemeji, hapa panafaa bwawa?"

Mwashi alikanyaga udongo kwa kisigino. Ulikuwa mfinyanzi mzuri, unaoshika maji.

"Panafaa," alisema. "Kesho tuanze mapema, kabla jua halijawaka."