Tundu la Rupia ya Kija

Majirani zangu wa Kisesa, kile kiwanja kitupu mnachofungia mbuzi kilikuwa nyumba ya Mihayo. Sikilizeni ilivyokwisha.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, wanunuzi wanafika hadi milangoni. Asubuhi moja Paskazia, mke wa Mihayo, alikuwa akianika michembe ya viazi vitamu juu ya jiwe. Binti yao Kija alikuwa akifukuza kuku, shingoni ana rupia ya Mjerumani iliyotobolewa na kutiwa uzi mweusi. Katika ukoo wa Mihayo binti wa kwanza ndiye huivaa. Sura ya mfalme ilikuwa imelika, lakini ndege wa juu ya kofia yake alionekana vizuri.

Akapita Shimba, mnunuzi wa vyuma chakavu. Alipoiona rupia akapiga mluzi.

"Baba Kija, unalala njaa juu ya utajiri! Rupia hii ukiiweka kwenye sahani inavuta mchele kama sumaku. Wazungu wanatoa bei ya nyumba ya bati. Shida ni hili tundu, nguvu inavuja."

"Haizibiki?" Mihayo akauliza.

"Fundi wangu anaziba, anaisugua inang'aa. Ila anataka maksai wako."

Paskazia akasimama. "Mvua hizo zinakuja. Utanifunga mimi plau?"

"Wewe hata ukipata nyumba ya bati utalalamika mvua inapiga kelele," Mihayo akamjibu, akakata uzi shingoni mwa mtoto.

Maksai wote wawili wakamfuata Shimba. Rupia ilirudi imezibwa kwa risasi, imepigwa msasa hadi ikawa laini kama kifungo. Mihayo akaiweka juu ya mchele. Haikusogea hata punje. Akasema mchele una unyevu, akauanika, akajaribu tena. Jamani, mtu mzima!

Shimba hakuonekana tena. Mihayo akaenda mjini Mwanza kwa sonara mmoja mzee.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani kaisugua hii?"

"Fundi, ili thamani ipande."

Mzee akaigeuza chini ya kioo. "Mwanangu, na tundu lake ningekupa bei ya mbuzi. Sasa sioni mfalme, sioni ndege, sioni mwaka. Siichukui."

"Na kuvuta mchele?"

"Mchele unapikwa."

Mvua zikanyesha. Walilima kwa jembe la mkono, wakachelewa, mahindi yakakauka yakiwa machanga. Michembe ilipokwisha, Paskazia alifunga mzigo arudi kwao Ukerewe.

"Baba, nipe rupia yangu," Kija akasema.

Mihayo akamwekea kiganjani. Mtoto akatoa ule uzi mweusi, alikuwa ameutunza. Akatafuta pa kuupitisha, akageuza upande huu na huu. Hapakuwepo. Akamrudishia baba yake, akamfuata mama.

Nilikuwa nampelekea Mihayo uji. Kila mara nilimkuta ameinamia sahani, anasubiri. Masika yaliyofuata ukuta ulimwangukia. Tulimtoa amekufa, rupia imo mkononi.

FUNZO

Mtu akikuonyesha ubovu wa mali yako, kisha akataka umlipe ili auponye, mfukuze. Thamani ya rupia ile ilikuwa shingoni mwa Kija, na tundu ndilo lililoishika pale. Na ninyi wanaume, mke akikuuliza mtalima kwa kitu gani, mjibu kwanza, ndipo umfungue ng'ombe.