Safari ya Mwisho ya Mabibi

Asubuhi ile jukwaa lilikuwa limefurika watu, na mlango mmoja wa treni ukagoma kufunga. Taratibu alitoa kichwa dirishani mwa chumba cha dereva. Jina hilo alipewa na abiria, kwa kuwa alijua kusimamisha treni bila kumwagisha chai ya mtu aliyesimama. Akamwona mwanamume mrefu wa ovaroli ya kijani akiwapenya watu kwa mabega, bisibisi mkononi. Aliinama, akaunong'oneza mlango kama mtu anayebembeleza mtoto, ukafunga. Ukafunga na mkono wa ovaroli ndani.

"Dereva! Usiondoke, nimeshikwa!"

"Umeshikwa na mimi au na Bibi?"

"Bibi kanishika nguo. Wewe sijui umenishika wapi, bado najipapasa."

Abiria waliangua kicheko. Taratibu alirudisha kichwa ndani upesi, mashavu yakimwaka.

Mabibi ndivyo mji ulivyoziita zile treni kongwe za umeme. Zilibeba wauguzi wa zamu, wanafunzi wenye usingizi, maharusi waliochelewa. Mama yake Taratibu alizipanda akiwa na mimba yake. Rangi yao ya bluu ilikuwa imepauka kama sare iliyofuliwa sana, viti vimejaa viraka. Lakini zikiondoka, mota zao zilivuma kwa sauti iliyopanda polepole, kama mtu anayekumbuka wimbo akiwa jikoni.

Tangu siku hiyo yule wa ovaroli, Fundi Milango, hakukosa sababu ya kuikagua treni ya Taratibu. Jioni simu zikaanza.

"Umefika salama, roho yangu?"

"Nimefika. Umenawa mikono?"

"Nimenawa. Grisi imebaki moyoni tu."

"Basi usinikaribie, nina gauni jipya."

Siku za mapumziko alivaa gauni hilo la manjano, naye Fundi akavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Walipanda behewa la mwisho kama abiria, wakaenda mpaka mwisho wa reli na kurudi, hawana waendako. Nje nyumba zilipita, nguo zilizoanikwa zikapita, nyaya za umeme zikapanda na kushuka angani. Taratibu alilaza kichwa begani mwa Fundi, asijue kama yuko macho au anaota.

Ndipo zikaja treni mpya. Mabibi wakastaafishwa kwenye reli ile na kuuzwa kwa mji mwingine wa mbali, waendelee na kazi huko. Taratibu alichaguliwa kujifunza kuendesha zile mpya. Mchana mmoja, kwenye kantini ya wafanyakazi, mkata tiketi alimwinamia.

"Shoga, una moyo wewe. Mwanamume wako anahama na Mabibi, nawe umetulia tu?"

Taratibu alitabasamu kana kwamba anajua. Chakula kikawa mchanga mdomoni. Alitoka nje, akapiga simu.

"Ni kweli unahama?"

"Nani kakwambia?"

"Kumbe ni kweli."

"Mpenzi, nilikuwa natafuta namna ya..."

"Namna ya kuniaga ukiwa umeshaondoka? Nenda. Nenda na mabati yako!"

Akakata. Baada ya hapo hakupokea tena.

"Simu yako inalia," mama yake alimwambia akichambua mboga.

"Iache ilie, mama."

"Haya. Lakini mwenzio huyo anasikitisha. Simu yake haikatiki mpaka ichoke yenyewe."

Siku ya safari ya mwisho watu walijaa kila kituo. Wengine walizipigapiga treni ubavuni kama wanaoaga ng'ombe. Fundi alipangiwa kukaa chumba cha nyuma kuangalia milango, Taratibu akiwa mbele. Njia nzima walizungumza kwa simu ya ndani ya treni, maneno ya kazi tu.

"Milango imefungwa."

"Sawa."

Sauti ile ilimfikia kutoka mwisho wa mabehewa yote, ya chini, yenye kukwaruza kidogo, na kila ilipofika alikawia kuishusha simu sikioni.

Kituo cha mwisho abiria wote walishuka. Ili kuingia yadi ya kulaza treni, treni hurudi ilikotoka, kwa hiyo dereva huhamia chumba cha nyuma. Taratibu alichukua mkoba na ufunguo, akaanza kupita ndani ya mabehewa matupu. Jua la alasiri lilikuwa limelala vitini. Mikanda ya kushikilia iliyumba ingawa hakuna aliyeishika. Akainua macho, akamwona Fundi anakuja kutoka upande wa pili, behewa baada ya behewa. Walikutana katikati.

"Unapita?" Fundi aliuliza.

"Nakwenda kazini. Wewe?"

"Nakuja kwako. Niliomba uhamisho habari za kuuzwa zilipoanza kuvuma, kabla sijakujua. Sikuwa na mtu mji huu, nilikuwa na hizi tu. Nilipokupata nikaenda kuufuta, bosi akasema kule hakuna anayezijua. Nikaogopa kukwambia. Kila siku nikasema kesho."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utasema nenda."

"Na nikasema."

"Ukasema. Tena na mabati."

Taratibu alicheka huku machozi yakimfika kidevuni.

"Sema nibaki," Fundi alimwambia. "Nitabaki."

Taratibu aliitazama mikono ya Fundi yenye makovu. Treni mpya zilijifunga milango zenyewe, kwa kompyuta. Angebaki, angekuwa mtu wa kukaa dirishani na kununa.

"Usibaki. Nenda ukawafundishe wenzio. Mimi nitamaliza mafunzo ya hizi mpya, halafu tutajua nani anamfuata nani. Lakini hujaniacha, unasikia?"

"Basi nikuoe kabla sijaondoka."

"Unaniposea ndani ya treni?"

"Ningekuposea wapi, dereva wangu?"

"Kwa mama. Jumapili. Na unyoe ndevu."

Jumapili ile akaenda, amenyoa mpaka kidevu kinang'aa, na mama hakumkatalia.

Siku chache baada ya ndoa, Mabibi waliondoka wakivutwa na injini ya dizeli, mota zao kimya. Fundi alikuwa dirishani, pete mpya kidoleni. Taratibu alitembea sambamba naye, kiganja juu ya kiganja chake, mpaka jukwaa likaisha.

"Ukifika nipigie."

"Utapokea?"

"Nitapokea, mume wangu."

Reli ikabaki tupu, yenye joto. Akasimama hapo kitambo, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kitenge na kuelekea darasani.