Bango la Ukurasa wa Tisini

Kwanza mjue anayewasimulia ni nani. Mabango yote ya mtaani kwetu, kuanzia kwa kinyozi hadi duka la dawa, yamepita mikononi mwangu. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa, tuliachana kwa amani. Herufi nazichora mpaka zinataka kuongea. Kuzisoma... hilo tuliache kwanza.

Jioni hiyo nilikuwa narudi na kopo langu la rangi nyekundu. Mama akanidaka mlangoni.

"Pita kwa dada yako uchukue gauni. Mwenye gauni amekaa sebuleni anasubiri."

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kiko uani. Mlango mmoja, dirisha moja la nondo. Nilimkuta kwenye kiti, kanda ya kupimia shingoni, gauni halina mkono mmoja, na yeye... anasoma.

"Dada, mteja."

"Nusu ukurasa tu, Profesa."

Ni yeye peke yake anayeniita Profesa. Dharau tupu, ila nimeizoea.

"Kuna nini humo?"

"Mji." Hakuinua macho. "Wa mawe matupu. Ukungu kutwa. Watu wanatembea na taa mchana, na kila mtaa una daraja lake. Siku nzima nabadilisha zipu za watu wanaonijua tangu nanyonya. Humu hakuna anayenijua. Raha yake wewe huijui."

"Viza umepata wapi?"

Hakucheka. Nikasikia maji yanadondoka. Tone... tone... Nikatazama chini.

Viatu vyake vilikuwa vimelowa chapachapa.

Na mvua hatujaiona miezi miwili.

Mwenye akili angekimbia. Mimi nilipandwa na hasira. Gauni halijaisha, mama ananisubiri, dada anaogelea kitabuni! Nikampokonya. Nikakunja kona ya ukurasa, asije akalalamika nimempotezea alipofika. Nikakifunga. Pap!

Nikageuka kukiweka juu ya kabati. Nikageuka tena.

Kiti kitupu.

Kabati liko ubavuni mwa mlango, kutoka ingebidi anikanyage. Sponji ya kiti ilikuwa bado inainuka, taratibu, kama mtu ametoka kunyanyuka. Chumba kizima kikanuka mawe mabichi na moshi.

"Dada?"

Nikapekua nyuma ya nguo za wateja zilizotundikwa ukutani. Hayupo.

Nilikimbia na kitabu hadi kwa Miwani, mzee anayeazimisha vitabu kwenye kibanda cha kona. Alikuwa anafunga dirisha lake. Akanitazama, akatazama kitabu.

"Umekunja kona," akanong'ona.

"Mzee wangu, dada yangu..."

"Ukurasa wa kwanza nimeandika nini?"

Nikafungua. USIKUNJE KONA. Mwandiko wenyewe mbaya, hata nafasi hakupima.

"Mtu akiwa ndani, ukikunja kona, njia aliyoingilia inajikunja nayo."

"Basi naikunjua!"

"Kunjua. Mkunjo hautoki."

"Sasa nifanye nini?"

"Soma, mwanangu. Mtafute."

Akafunga dirisha. Msaada wake wote ndio huo!

Nikarudi uani nikasoma. Kwa kidole. Silabi kwa silabi, jasho linanitoka kama nachimba kisima. Ukurasa wa themanini na nne nikamwona: *mgeni mwenye kanda shingoni aliuliza njia kwa muuza taa.* Moyo ukaruka. Nilipoumaliza ukurasa, kumbe keshavuka daraja. Nikamfuata. Akakata kona. Dada ana mwendo wa haraka tangu utotoni, mimi nasoma kama mkokoteni wenye pancha. Nikifika, ametoka. Nikifika, ametoka!

"Gauni liko wapi?" Mama akaita kutoka ndani.

"Linakuja, Mama!"

Ndipo nikakumbuka mimi ni nani. Fundi mabango anamkimbiza mtu ili iweje? Bango si ndilo linaloita watu? Nikaruka mbele hadi ukurasa wa tisini, penye nafasi nyeupe pembeni. Brashi nyembamba, rangi nyekundu. Sikufikiri, mkono ulijiendea wenyewe kama kwenye ukuta wa duka lolote:

KARIBU NYUMBANI

Na mshale. Na kivuli cha herufi. Kazi safi.

Rangi haijakauka, nikasikia nyuma ya nguo zilizotundikwa...

"Hodi."

"Karibu!" nikaitikia kwa furaha.

Nguo zikasogea. Akatoka mzee nisiyemjua, taa mkononi, viatu vinachuruzika.

"Asante, mwenyeji," akasema. Akanipita, akatoka uani, akaenda zake.

Nyuma ya nguo, tena...

"Hodi."

Sikuitikia. Nikashika kitabu, nikasoma: *chini ya bango jekundu foleni ilikuwa ndefu. Mgeni mwenye kanda shingoni alikuwa wa mwisho. Alisoma bango, akacheka mpaka machozi. "Profesa," alisema, "si ungeandika jina langu?"*

Neno gani lingenishinda? RUDI DADA. Herufi nane. Nimeandika karibu, na karibu haichagui mtu.

Mama alilia wiki nzima. Majirani nimewaambia dada amepata kazi mbali, na kwa kweli yuko mbali. Kulifuta bango siwezi. Nikilifuta, atatokea wapi? Nilijaribu kunyamaza siku tatu. Na ukurasa ukasimama pale pale, foleni haisogei hata unyayo. Kwa hiyo kila jioni nafunga mlango, nakaa kwenye kiti chake, nangoja hodi, naitikia karibu. Mmoja mmoja. Wanashukuru, wanatoka, wanaingia mtaani. Wanakokwenda siwaulizi, na wewe usiniulize. Ila kama kwenu kuna mpangaji mpya mpole ambaye viatu vyake havikauki... basi nisamehe.

Linalonichoma zaidi ni adabu ya dada. Nasoma kwa tabu yote hii nakuta: *"Mama huyu ana mtoto mgongoni, apite kwanza."* Nakuta: *"Mzee, chukua nafasi yangu."*

"Sukuma, dada!" nakipigia kitabu kelele. "Hao si wazee wetu!"

Juzi mbele yake walibaki kumi na mmoja. Leo nimehesabu kumi na sita.

Gauni bado halina mkono.

Na kuna jambo sijamwambia Mama. Siku hizi nasoma bila kidole. Mitaa ya mji ule naijua, daraja lenye ngazi iliyovunjika, mlango wa muuza taa, harufu ya moshi asubuhi. Jana nilisahau kabisa kumtafuta dada. Nilikuwa natembea tu, natazama madirisha, hakuna anayenijua... raha ilioje. Mama aliponiita mara ya tatu ndipo nikainua macho.

Soksi zangu zilikuwa zimelowa.

Nikiingia mimi, nani atabaki huku kuitikia?

Ngoja. Kuna mtu nyuma ya nguo.

"Hodi."

Sauti ni ya dada, kabisa. Nangoja aniite Profesa.

"Hodi... mwenyeji."