Sauti ya Aliyezikwa

Fundi wa studio alikuwa ameketi wima kitini, amekufa, hedifoni zingali masikioni. Waya wa maikrofoni ulikuwa umemzunguka shingo. Ndani ya hedifoni kijana alikuwa akizungumza taratibu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Inspekta alivaa glavu, akazivua hedifoni masikioni mwa maiti, akasikiliza.

"Mdogo wangu, njoo. Huku hakuna anayelia."

Miaka yote ya kazi hakuwahi kukuta maiti inayobembelezwa.

Aliituma sauti ile kwa mpelelezi mwenzake wa ng'ambo ya mpaka. Walikuwa wakifuatilia pamoja propaganda iliyovuta vijana kwenda kupigana vita isiyowahusu. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Mwenye sauti alifia kambini huko mwaka juzi, mwili ukarudishwa kwa mama yake. Wito, hata hivyo, umerekodiwa wiki hii.

Inspekta alicheka kidogo, kicheko cha kujipa moyo, akaenda kwa huyo mama.

Mama alikuwa mshonaji. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa na mchubuko mwembamba.

"Mama, mikono imefanya nini?"

"Unajua ilichofanya, afande."

"Fundi alikukosea nini?"

"Nilimpelekea sauti za mwanangu zilizobaki kwenye simu. Nilitaka kumbukumbu tu, anisalimie asubuhi." Alikaa chini. "Akaifundisha mashine kusema kama yeye, akawauzia wanaokusanya watoto wa watu. Jana ikamwita binti yangu, akaondoka. Nikaenda kumwomba fundi aizime. Akavaa vile vidude vya masikioni, akatabasamu, akasema imetoka vizuri. Nikamuua akiwa anasikiliza. Sikatai. Nirudishieni binti yangu."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Inspekta alikuwa mzazi. Pingu aliziacha mfukoni, akapiga simu ng'ambo. Muda si mrefu mwenzake akampata binti kituo cha mpakani, ila hana sheria ya kumzuia: ni mtu mzima, hati zake safi, na basi liko tayari kuondoka. Labda mama aongee naye.

Mama alishika simu kwa mikono miwili. Alimwita binti kwa jina la utotoni, akamweleza kwamba kaka yake yumo kaburini, aliyemwita ni mashine.

"Rudi nyumbani. Ni mimi, mama yako."

Binti akajibu kwa adabu zote:

"Na wewe, nitajuaje kama ni mama?"